Mlimani au Mzumbe? Nilichomjibu mpwa wangu

Mpwa wangu alinitumia skrinishoti mbili WhatsApp, moja baada ya nyingine, hata salamu hakuweka. Si kawaida yake. Ya kwanza inasema amechaguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndiyo Mlimani. Ya pili inasema amechaguliwa Chuo Kikuu Mzumbe, kule Morogoro. Baadaye kidogo ukaja ujumbe: "Shikamoo mjomba. Nithibitishe wapi? Baba anasema Mlimani, hataki kusikia kingine."

Waliopitia udahili miaka hii wanaijua hali hiyo. Ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, wanakutaka uthibitishe kimoja ndani ya siku chache, kwa namba maalumu inayokuja kwenye simu. Ukishathibitisha, mlango mwingine umejifunga. Mtoto wa miaka kumi na tisa anapewa siku hizo chache aamue jambo ambalo wazazi wake wataliongelea miaka kumi.

Kwetu Newala ukoo unafuata upande wa mama, na mjomba ana neno zito kwa mtoto wa dada yake. Sikutaka kujibu usiku ule ule. Nilimwomba anitumie kozi alizopangiwa pande zote mbili, nikakaa nayo siku mbili, halafu nikampigia. Niliyomwambia nayaandika hapa kwa sababu najua si yeye peke yake anayeuliza, na kwa sababu majibu mengi ninayoyasikia ni ya aina mbili tu: "Chuo ni chuo, juhudi zako tu," au "Mlimani ndiyo Mlimani, kwingine unapoteza muda." Yote mawili nimeyaishi, na yote mawili yana uongo ndani yake.

Kwanza nieleze kwa nini shemeji yangu, baba wa mtoto, anang'ang'ania Mlimani. Simlaumu. Chuo kile kilianza Oktoba 1961 kwenye jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba, na wanafunzi 14 wa sheria. Mwaka 1964 kikahamia kilimani, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili cha taifa. Kwa miaka mingi hapakuwa na kingine. Sokoine cha Morogoro kilijitenga nacho mwaka 1984, Chuo Kikuu Huria kikaanzishwa mwaka 1992, Mzumbe kikapandishwa kuwa chuo kikuu mwaka 2001, Dodoma kikaja mwaka 2007. Mtu wa umri wa shemeji alikua katika nchi ambamo "yuko chuo kikuu" ilikuwa na maana moja tu: yuko Mlimani. Jengo lake la Nkrumah tumelibeba mifukoni kwenye noti ya shilingi mia tano. Jina la namna hiyo halitoki kichwani mwa mzazi kwa sababu TCU sasa ina orodha ndefu ya vyuo.

Mimi ni zao la jina hilo. Niliingia Mlimani mwaka 2006 kusoma biashara, uhasibu. Basi la kutoka Mtwara lilikuwa linapita kipande cha Ndundu hadi Somanga ambacho wakati huo hakikuwa na lami, na mvua ikinyesha mnalala njiani. Nilifika Ubungo na begi moja, godoro sina, ndugu mjini sina. Chumba nilikikosa. Usiku wa kwanza nililala kwenye benchi nje ya bweni Mabibo, begi nimelifunga mkononi kwa kamba ya kiatu.

Asubuhi kaka mmoja wa mwaka wa tatu alisikia lafudhi yangu nikiuliza njia, akaniuliza, "Wewe wa wapi?" Nikamwambia Newala. Akasema yeye wa Masasi, akanichukua hadi chumbani kwake. Aliyesoma pale anajua neno kubebana. Kitanda cha futi mbili na nusu, mnalala wawili, mmoja kichwa huku, mwingine kichwa kule, na chumba cha watu wanne kinakuwa na watu saba au nane. Nilibebwa na yule kaka mwaka mzima. Alinionyesha wapi pa kusaini bumu (fedha ya kujikimu ya mkopo), wapi madesa (nukuu za masomo) yanatolewa kopi kwa bei nafuu, mhadhiri gani anarudia maswali na yupi harudii.

Nimemtaja mapema kwa sababu ndiye jibu la nusu ya swali. Alipomaliza aliajiriwa kwenye kampuni ya ukaguzi wa hesabu mjini. Mimi nikiwa mwaka wa tatu, mwajiri wake alikuwa anatafuta vijana wa kuanza nao. Yeye ndiye aliyenipigia kuniambia fomu zinatoka lini, wanapima nini kwenye mtihani wao, na nivae nini. Wiki ile ile maofisa wa kampuni hiyo walikuja wenyewe chuoni, wakaweka meza, wakagawa fomu mkononi. Hawakwenda Mtwara. Hawakwenda Singida. Walikuja pale kwa sababu ni karibu na ofisi yao na kwa sababu nusu yao walisoma pale. Nikaingia mwaka 2009, kabla hata sijavaa joho.

Kwa hiyo mtu akiniambia jina la chuo halina kazi, namwambia kwangu lilifanya kazi. Lakini naomba uangalie lilifanyaje. Cheti changu hakikusomwa na mtu yeyote kabla ya miezi kadhaa kupita. Kilichonilipa ni kitanda cha Mabibo na meza iliyowekwa mita mia mbili kutoka darasani kwangu. Nililipwa kwa watu na kwa ukaribu.

Sasa nikupe upande wa pili, wa somo yangu. Namwita somo kwa sababu tunaitwa jina moja, tulisoma darasa moja hadi kidato cha sita, mchepuo mmoja wa ECA, yaani uchumi, biashara na uhasibu. Matokeo yake yalikuja chini kidogo ya yangu. Akasoma diploma ya uhasibu Mtwara mjini, akiishi kwa shangazi yake, baba yake akilipa ada kwa awamu kila msimu wa korosho. Nakumbuka nilimwonea huruma. Nilikuwa na miaka ishirini na moja na nilidhani maisha yetu yameshaamuliwa.

Alipomaliza, alichukuliwa na chama cha msingi cha ushirika kuwa karani, halafu mhasibu msaidizi. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulikuwa umeingia Mtwara msimu wa 2007, bado wa moto, watu hawauelewi. Mkulima analeta korosho, zinapimwa, anapewa karatasi, anasubiri mnada, analipwa sehemu, anasubiri tena. Somo alikuwa pale kwenye mzani. Mimi nikisoma kwenye kitabu jinsi ya kuthaminisha bidhaa iliyopo ghalani, yeye alikuwa amesimama mbele ya mzee anayeuliza kwa nini gunia lake lilipimwa kilo hizi kijijini na likafika ghala kuu kilo pungufu, na nani anakatwa tofauti ile. Unyevu ni kiasi gani, mnyauko wa kweli ni upi, na wizi uliojificha ndani ya neno mnyauko ni upi. Alijifunza kufuatilia kilo moja kutoka mwembe wa ofisi ya kijiji hadi hundi ya mnunuzi. Hilo Mlimani sikufundishwa, na sidhani kama lingeweza kufundishwa darasani.

Lakini nisiipambe hadithi yake. Somo alihangaika. Alipokuja Dar kutafuta kazi, alikaa kwangu Sinza, na kwa karibu miaka mitatu aliomba kazi bila kuitwa. Alikuwa anajua hesabu za ghala kuliko mtu yeyote niliyefanya naye kazi, na simu haikulia. Alirudi Mtwara, akarudi tena Dar. Ile miaka mitatu ndiyo bei ya kukosa jina, na mtu asikuambie haipo. Mimi niliruka miaka hiyo mitatu kwa sababu ya kilima.

Kilichomtoa ni CPA, cheti cha uhasibu cha kitaaluma. NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, inatoa mitihani Mei na Novemba, na msahihishaji anaona namba ya mtahiniwa, haoni umetoka chuo gani. Somo alijiendeleza akapata sifa za kuingia, akaanza kupiga karatasi moja moja huku akifanya kazi za muda. Alipomaliza ngazi ya mwisho, mambo yakabadilika ndani ya miezi miwili. Leo ni mkuu wa fedha kwenye kampuni ya kubangua na kusafirisha korosho. Kwa miaka kadhaa sasa mshahara wake umeupita wangu.

Na mimi? Hapa nataka nieleze kosa langu wazi, maana ndilo lililonifundisha zaidi. Nilipoajiriwa nilijiona nimefika. Wenzangu wawili watatu wa Mlimani tulikuwa tunakaa pamoja wakati wa chakula, tunazungumzia chuo chetu kana kwamba ndicho kinachotulipa. Novemba 2010 nilikaa kwenye mtihani wa CPA nikiwa sijajiandaa, nikafeli karatasi mbili. Nikarudia, nikafeli moja tena. Mwaka uliofuata dada mmoja aliyetoka chuo cha biashara, ambaye sisi hatukumhesabu, alipita kwa mkupuo. Akapandishwa kuwa mkaguzi mwandamizi. Mimi nikawekwa chini yake. Siku ya kwanza kufanya kazi chini yake alinipa faili la mteja, akasema kwa upole, "Kaka, angalia wadaiwa, nahisi kuna kitu." Alikuwa sahihi, kitu kilikuwepo, na mimi nilikuwa nimelipita faili lile mwaka uliotangulia bila kukiona.

Kuanzia siku hiyo sijawahi kusikia mtu yeyote pale ofisini akiuliza nani alisoma wapi. Jina linakuingiza. Likishakuingiza limemaliza, na ofisi inaanza kukuhesabu upya kwa mambo mengine.

Kuna sehemu moja ambapo jina linafanya kazi kwa nguvu kuliko watu wanavyokubali, nayo ni rundo la CV. Mwaka 2018 nilikuwa nimehamia kampuni nyingine, nikawekwa kwenye kamati ya kuajiri msaidizi wa mhasibu. Barua zilikuwa zaidi ya mia mbili. Nilimkuta ofisa mwenzetu ameshaanza kuzipanga mezani. Mkono wake ulikuwa unakwenda haraka: anafungua ukurasa wa kwanza, jicho linatafuta mstari mmoja, anatupa kushoto, kati au kulia. Kushoto Mlimani. Kati Mzumbe na IFM (Chuo cha Usimamizi wa Fedha). Kulia "wengine". Alipomaliza, rundo la kulia ndilo lilikuwa kubwa kuliko yote. Tulipochoka saa kumi jioni, lilikuwa halijafunguliwa.

Mwaka ule nilinyamaza. Nilikuwa mgeni pale, na rundo la kushoto lilikuwa langu. Lakini usiku nilimfikiria somo, nikaelewa kwa mara ya kwanza simu yake haikulia kwa nini. Hakuna aliyemkataa. Hakusomwa.

Safari iliyofuata niliomba tufunike jina la chuo. Tulikata vipande vya karatasi, tukavibandika kwa gundi juu ya mstari ule kwenye kila CV, kazi ya kuchosha ya siku nzima. Tukaita watu wanane. Watatu walikuwa wa lile rundo la kulia. Tuliwapa kazi moja: daftari la fedha, taarifa ya benki, walinganishe, waseme tofauti imetoka wapi. Kijana mmoja alitueleza vizuri sana, kwa maneno ya kitabu, ulinganisho wa benki ni nini, na dakika zikaisha. Binti mmoja alikaa kimya, akageuza karatasi mara mbili, halafu akasema, "Samahani, hii hundi ni ya mwezi uliopita. Naweza kuona taarifa ya benki ya mwezi uliopita?" Hatukuwa tumeiweka mezani. Ilibidi mtu ainuke kwenda kuileta. Yule binti tulimchukua, na alipofunuliwa karatasi tulikuta ametoka Mlimani. Nafasi ya pili ilikwenda kwa mmoja wa rundo la kulia. Nayasema yote mawili makusudi. Kule kilimani hakuna wajinga, na kwenye rundo la kulia hakuna wajinga pia. Tatizo ni lile jicho linalotafuta mstari mmoja.

Serikalini mambo yamekaa tofauti. Sekretarieti ya Ajira inakuita kwenye usaili wa mchujo wa kuandika, na karatasi ile haijali ulilala Mabibo au wapi. Ukipita unakwenda mahojiano. Ukiajiriwa na shahada, kwa kada nyingi unaanza ngazi ya mshahara ya TGS D, na mwenzako wa chuo cha mkoani anaanza TGS D hiyo hiyo, siku hiyo hiyo. Kwa anayelenga utumishi wa umma, kulipia jina kwa gharama kubwa hakuna maana. Kama unataka kubaki chuoni kufundisha, GPA, yaani wastani wa alama zako, inakuwa na uzito mkubwa kuliko jina: wanataka kuanzia 3.8 kwa tano. Mwenye 3.9 ya chuo cha kati yuko kwenye mstari, mwenye 3.2 ya Mlimani hayupo.

Na mkopo wa kusomea haujali. Mimi nilianza kukatwa asilimia 8 ya mshahara. Sheria ikabadilishwa mwaka 2016, na mwaka 2017 nilifungua karatasi ya mshahara nikakuta 15. Nilikaa kwenye gari pale maegesho nikipiga hesabu upya ya kodi ya nyumba. Bodi ya Mikopo inakata asilimia ile ile kwa kila mtu. Kwa hiyo unapochagua, usiulize tu chuo kipi kina jina. Uliza hiyo 15 itakatwa kwenye mshahara wa kazi gani.

Watu hupenda kutoa mifano ya wakubwa. Watakuambia Kikwete na Magufuli walisoma Mlimani. Mwingine atakujibu kwamba Rais Samia alisoma Mzumbe, enzi hizo ikiitwa IDM, na shahada ya uzamili akaipatia Chuo Kikuu Huria, au kwamba Majaliwa, aliyekuwa Waziri Mkuu, mtu wa kusini kwetu, alianza na Chuo cha Ualimu Mtwara kabla ya kupanda Mlimani. Ni kweli yote. Lakini mifano hiyo haikusaidii kuamua, kwa sababu huwaoni maelfu waliokaa nao madarasani.

Kitu kilichonisaidia zaidi ni utafiti wa Wamarekani wawili, Stacy Dale na Alan Krueger, uliochapishwa mwaka 2002. Waliwafuatilia wanafunzi walioingia vyuoni mwaka 1976, na hawakulinganisha tu wa vyuo vya juu na wa vyuo vya kawaida, maana hiyo ni kulinganisha watoto wawili tofauti tangu mwanzo. Waliwalinganisha waliokubaliwa na vyuo vya aina moja, kisha wengine wakaenda chuo cha juu na wengine wakachagua cha kawaida. Kwa wastani, mishahara yao baadaye haikutofautiana sana. Kipaji na bidii walikwenda navyo popote. Ila kulikuwa na kundi ambalo chuo cha juu kiliwainua kweli: watoto wa familia zenye kipato cha chini.

Marekani si Tanzania, lakini nilipousoma niliona kitanda cha Mabibo. Mtoto wa mkurugenzi hahitaji Mlimani impe mtu wa kumpigia simu. Baba yake anayo namba. Mimi mtoto wa mkulima wa mikorosho, ningempata wapi yule kaka wa Masasi? Kwa hiyo nikiulizwa na mtoto asiye na ndugu mjini, anayechaguliwa Mlimani kwa kozi anayoitaka, namwambia aende mbio na asiangalie nyuma. Kwake jina lina thamani kuliko kwa wale wanaolitamani kwa fahari. Na akishafika, asijifungie chumbani kula nondo, yaani kusoma tu, peke yake miaka mitatu. Akafahamiane na watu wa mwaka wa juu yake, na akipata chumba, abebe mtu.

Mzazi anayetaka kuuza shamba ili mtoto aende chuo cha nje kwa sababu kina jina zuri kwenye orodha za mitandaoni, namsihi asimame kidogo. Tuzo ya nje ni lazima TCU waitambue. Na hata ikitambuliwa, mtoto atarudi baada ya miaka minne hana hata mwenzake mmoja aliyekaa naye darasani ambaye sasa yuko kwenye ofisi za hapa. Wale wa kumpigia simu atakuwa amewaacha huko.

Turudi kwa mpwa wangu. Skrinishoti zake ziliponifikia zikiwa na kozi, nilielewa yote. Mzumbe wamempa Uhasibu na Fedha, chaguo lake la kwanza. Mlimani wamempa kozi aliyoiweka ya nne, ambayo aliijaza, kwa maneno yake mwenyewe, "ili mradi nipate UD." Nikamuuliza anajua nini kuhusu kozi hiyo. Akanyamaza. Nikamuuliza angekuwa hajaambiwa jina la chuo, angechagua ipi. Akajibu kabla sijamaliza swali.

Nilimwambia athibitishe Mzumbe, na nikamwambia kwa nini bila kumficha gharama. Kwamba hatakuwa Dar, kwa hiyo meza za waajiri hazitamfuata kama zilivyonifuata mimi. Itabidi yeye azifuate. Kwamba kuna mtu mahali fulani atamweka rundo la kati au la kulia, na sitakuwepo pale kufunika mstari kwa karatasi. Ndiyo maana nataka CV yake iwe na kitu juu ya mstari wa chuo: karatasi za NBAA alizopita, na fildi (mafunzo kwa vitendo) aliyofanya mahali pa kazi kweli, na jina la mtu ambaye ukimpigia atasema, "Huyo namfahamu, alifanya hiki." Aanze mwaka wa kwanza. Asingoje fildi ya chuo, maana ile wengi wanaishia kutumwa kutoa kopi na kusaini daftari la mahudhurio.

Akasema, "Na baba?"

Nilimpigia shemeji Jumapili baada ya Adhuhuri. Tukasalimiana sana, tukaulizana mvua na korosho. Nilimweleza taratibu. Hakubisha, lakini alisema jambo ambalo lilinigusa: alishamwambia jirani kwamba mtoto amepata Mlimani. Mzee ambaye maisha yake yote amepulizia mikorosho dawa mgongoni, alipata siku moja ya kutembea kijijini kifua mbele, na mimi ninampigia kuichukua. Nikamwambia, "Shemeji, mtoto kapata vyuo vikuu viwili. Mwambie jirani hivyo, ni kweli." Akakaa kimya. Halafu akauliza nauli ya Morogoro ni kiasi gani, na kama basi analipandia Mtwara mjini au lazima afike Dar kwanza.

Mpwa wangu alithibitisha Jumatatu. Jioni nilimpigia somo, nikamweleza, nikamwomba amchukue binti kwa wiki mbili kabla chuo hakijafunguliwa, akae tu karibu na watu wanaopokea mzigo. Msimu unaanza, kazi ipo. Hakuuliza binti anakwenda chuo gani. Aliuliza kama anaweza kuamka saa kumi na moja, na akasema aje na viatu vya kufunga, maana ghalani hakuna viti.